Picha Tatu za Samaki wa Protasi

Mwezi wa tisa mwaka 2015, Jean Bosco alinipigia simu kutoka Columbus akaniuliza kama nimeiangalia picha aliyotutumia rafiki yetu Protasi. Nilikuwa nyumbani Louisville, nimetoka zamu ya ghala, miguu imevimba. Nikamjibu kwamba nimeiona.

"Kuona si kuangalia. Angalia mkia."

Nikavaa miwani. Protasi alikuwa amesimama kwenye ukuta wa mto kule Buffalo, amemshika samaki mdomo kwa kidole gumba kama Wazungu wanavyofanya. Samaki mwenyewe ni yule wanayemwita besi, mwenye mistari ya kahawia ubavuni. Upande wa chini wa mkia, kipande cha ukubwa wa ukucha hakikuwapo.

"Sasa fungua ile ya mwezi wa sita," Jean Bosco akasema. "Halafu ya mwezi wa nane."

Kofia zilikuwa tofauti. Mkia ulikuwa uleule.

"Anamweka kwenye friza. Anamtoa, anapigwa picha naye, anamrudisha. Miezi mitatu anatupongezesha maiti."

Ningecheka, kama isingekuwa habari ya Delfina. Delfina ni binti wa Jean Bosco, na alikuwa anaposwa mwezi wa kumi kule Gahanna, kando ya Columbus. Kwetu Burundi, siku ya posa baba wa binti hafungui mdomo. Anakaa, na msemaji anazungumza kwa niaba yake: anawakatalia wageni, anawazungusha, anawadai ng'ombe, mwisho anawapa mke. Neno la msemaji ni neno la ukoo. Siku hizi vijana wanataka kuifanya posa kwa robo saa ili wacheze muziki, na wapo wanaosoma kwenye simu, lakini Jean Bosco alitaka posa ya watu wazima. Msemaji wake alikuwa Protasi.

"Nenda Buffalo," akaniambia. "Wewe ni rafiki yake kunizidi mimi. Kama samaki ni watatu, atasema. Kama ni mmoja, nitatafuta mwingine. Siwezi kumkabidhi binti yangu mtu ambaye wakwe wataulizana alisema kweli au alisema uongo."

Hakutaja huyo mwingine. Tuliobaki tunaoyajua maneno yale kwa kichwa tulikuwa wawili, Protasi na mimi.

Protasi alizaliwa Rumonge, ufukweni. Baba yake alivua ndagaa kwa taa, na mtoto alijua kufunga ndoana kabla hajajua kufunga viatu, maana viatu hakuwa navyo. Mwaka 1972, mwaka wa mauaji, akiwa na miaka kumi na saba, alivuka na mama yake hadi Kigoma, wakawaacha nyuma wanaume wote wa nyumba yao kwenye udongo. Akavua upande wa Tanzania miaka ishirini na mitano. Kisha askari wakawasomba wakimbizi vijijini wakawatia kambini, naye akafikishwa Mtabila, mahali ambapo ukipita kilomita nne unakamatwa. Alikaa humo miaka kumi na moja, mvuvi asiyeona maji mengi kuliko ya ndoo. Mimi naye tulijuana huko. Nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma, ingawa mwenyewe sikuwahi kuketi darasani, na ndiyo maana hadi leo wananiita Mwalimu, wengine kwa heshima na wengine kwa mzaha.

Tulipohamishiwa Marekani, Buffalo walimpa kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Fimbo yake ya kwanza ya kuvulia aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akiuza vitu vyake uani. Tangu hapo kila Jumamosi tulikuwa tunapigiana simu sisi watatu. Mimi nilisifu kambare wangu wa mto Ohio wanaopenda maini ya kuku. Jean Bosco alisifu sanduku lake la chambo, lenye ghorofa tatu kama hoteli, ambalo halijawahi kumletea mboga. Protasi alikuwa hasifu kitu. Alituma picha tu, na baada ya simu ile nilianza kujiuliza kwa nini mtu mkimya hivyo anatuma picha.

Nilifika Buffalo Ijumaa kwa basi. Zita, mke wake, alinikaribisha kwa samaki wa kukaanga.

"Huyu ni wa mtoni?" nikauliza.

"Ni wa juzi, mzee alirudi naye," Zita akasema. Protasi alipokwenda kunawa, akainama karibu. "Shemeji, miaka arobaini napika samaki. Huyu aliingia hapa hana utumbo, hana magamba, na ana ubaridi wa duka. Kila akirudi na samaki ni hivyohivyo. Wewe ni mtu wa kusoma. Mfuate, uniambie anakokwenda."

Sikulala vizuri. Mtu anayemdanganya mkewe juu ya chakula anaweza kumdanganya yeyote.

Asubuhi tulishuka hadi ukutani. Mto Niagara pale unakwenda mbio, kijani, unaona hadi kwenye mawe. Tulimkuta Manassé, Mkongo wa milima ya Kivu Kusini anayefanya kazi kiwandani, ameshatupa mishipi miwili.

"Mzee Protasi, leo umeleta shahidi?" Manassé akasema. "Bon, ahame na fimbo yake mbali na yangu. Hii fimbo yake ni ya kuanikia nguo."

"Ni mgeni wangu," Protasi akajibu. "Anavua kwa maini ya kuku."

"Maini? Besi ya huku haikule maini, mzee. Iko na kiburi. Onyesha yeye ile mupira."

Protasi akafungua kisanduku chake, kidogo kuliko Biblia. Ndani mlikuwa na chambo za mpira za rangi ya majani makavu, zenye nyuzi mkiani kama miguu ya wale kamba wadogo wa mtoni. Akaingiza kichwa cha risasi cha kuzamisha ndani ya mpira, akapitisha ndoana, akaitupa juu ya mkondo na kuiacha ibingirike chini juu ya mawe. "Usivute," akaniambia. "Ukivuta anajua ni wewe. Acha maji yamdanganye."

Nilimwangalia mikono, na mfuko wa kubebea, na Manassé. Nikasubiri atoke kidogo, nikamwuliza Manassé kama huyu mzee hubeba samaki kutoka nyumbani.

"Mie sijui mambo ya watu," akasema, akaangalia maji. Nikazidi kutia shaka.

Kabla ya saa nne fimbo ya Protasi ikapinda. Alimchosha taratibu, akamtoa: besi mnene, shubiri mbili na zaidi, mkia mzima. Nikashusha pumzi. Wa pili huyo, nikawaza, basi ni mvuvi kweli. Nikafungua mfuko.

Protasi alinitazama, akautazama mfuko. Kisha akachuchumaa, akamshika samaki ndani ya maji uso ukielekea mkondo, akafungua mkono. Samaki akaenda.

"Amekuponyoka?" nikauliza.

"Hapana."

Manassé akacheka. "Huyu mzee hajakula samaki ya mto tangu nimujue. Ile ya mukia mubaya, hata mie niliishika. Alinipa chambo zake mbili nzuri ili niiachilie. Nikaachilia. Chambo ni chambo."

Nikaketi juu ya ukuta. Yule wa mkia alikuwa mmoja kweli, akaaye kwenye jiwe moja, amevuliwa mara tatu na kurudishwa mara tatu.

"Kwa nini?" nikamwuliza Protasi.

"Unajua mwisho wa ziwa kule Kigoma. Tulitoa nyavu za baba zetu tukaweka vyandarua. Tukala watoto wa samaki, tukala na mayai. Hapa nilipomshika yule wa kwanza nikamrudisha, juma lililofuata nikamkuta palepale." Akasafisha ndoana kwa kidole. "Sijawahi kuacha kitu mahali nikakikuta."

"Na anaopika Zita?"

"Wa duka la Grant Street."

Nikamweleza yote: picha, friza, Jean Bosco, kiti cha msemaji. Hakushangaa. "Basi mwambie ni wa friza," akasema.

"Atakuondoa."

"Aniondoe. Mwongo wa samaki watu humcheka wakamsamehe. Lakini Zita alizika watoto wawili Mtabila, mwaka ule posho ilipokatwa nusu. Unataka asikie kwamba kila Jumamosi namwaga chakula mtoni? Ukimwambia Jean Bosco, kesho kanisa lote linajua."

"Nitasema ni watatu."

"Kwa mkia ule? Atajua umesema uongo, akukose na wewe, na Delfina akaposwe na mtoto anayesoma kwenye simu."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikera. Nilitafuta njia ya nne hadi jua likapanda, sikuiona. Nikampigia Jean Bosco palepale ukutani, Protasi akiwa amenipa mgongo. Nikasema, "Ni mmoja. Ni wa friza."

Jean Bosco akajibu, "Nilijua. Basi utasema wewe, Mwalimu."

"Nitasema."

Zita nilimwambia mumewe huenda mtoni, nimemwona kwa macho. Hakuuliza zaidi.

Posa ilifanyika Gahanna kwenye ukumbi wa kukodi. Nilizungumza karibu saa nzima. Niliwakatalia wageni mara mbili, nikawaambia hatuna binti, tuna mbuzi tu, nikawadai ng'ombe wenye pembe ndefu ambao sasa ni bahasha ya fedha, na wazee wakanipigia makofi. Protasi alikaa safu ya nyuma. Vijana wawili walimwuliza kama samaki ameshayeyuka. Akacheka pamoja nao.

Wakati wa chakula Zita alikuja na sahani yangu.

"Umesema vizuri, shemeji," akasema. "Nimesikia habari ya friza. Ile friza mimi ndiye ninayeifungua, asubuhi na jioni. Humo mna kuku na majani ya sombe tu. Nilimwuliza mume wangu kwa nini ulisema hivyo. Akanijibu nisikuulize."

Nikaipokea sahani.

"Basi sikuulizi hilo. Nauliza tu, maneno yale yote ya leo, ulianza kujiandaa lini?"

Protasi alikuwa anatutazama kutoka upande wa pili wa ukumbi, mkono umesimama katikati ya kula.

"Zamani," nikasema, maana jibu la kweli lingemfikisha mtoni. "Nilikitaka kiti kile zamani."

Zita akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, akaenda kumpakulia mumewe.