Mnyororo Uliobaki Kintinku

Sababu ya safari yetu ilikuwa matope. Kambi ya kikundi chetu cha asali iko ndani ya msitu, mbali kusini mwa Sikonge, na kati ya kambi na barabara kuna mbuga ambayo mvua za kwanza zikinyesha tu hugeuka uji. Mwaka uliopita malori ya kukodi yaligoma kuingia, asali ikabaki kambini mpaka ikachacha, na baadhi ya wenzetu wakaiacha mizinga wakarudi kwenye tumbaku. Waliobaki tukaambizana ukweli: asali ikikwama tena, hakuna kikundi.

Petro, mrina asali wa Sikonge na dereva wetu, ndiye aliyesikia kwamba Dar es Salaam kuna mnada wa malori yaliyostaafu jeshini, yanayovuta kwa magurudumu yote sita. Mimi ni seremala wa mizinga hapa Tabora mjini, nikachaguliwa kumsindikiza. Walisema ni kwa sababu nayajua mambo ya mjini. Nadhani sababu ya kweli ni kwamba naulizauliza sana, wakataka kupumzika.

Dar tulilipata lori, tukalipaka bluu, maana raia haendeshi gari la rangi ya jeshi. Lakini kopo la bluu lilikuwa moja tu na kijani kilikuwa kingi, kikachungulia kwenye kila kona. Ndani, juu ya dashibodi, mtu alikuwa amechora kwa ncha ya msumari: Mama Ashura nisubiri. Nilimwuliza Petro kama anadhani huyo Mama Ashura alisubiri. Akaniambia tukianza hivyo hatutafika Chalinze.

Tulitoka alfajiri. Lori lilikuwa na injini yenye sauti ya kinu cha kukoboa mpunga, na viti vigumu kama benchi za shule. Morogoro watu walitupisha barabarani. Gairo kijana wa bodaboda alitupigia saluti, akaiona bluu vizuri, akashusha mkono kwa aibu. Nilijisikia mkubwa kidogo, sitaficha. Kila tulipochukua mafuta nilishuka kuuliza mji unaitwaje na kwa nini, na Petro alipiga honi kunirudisha.

Baada ya Dodoma nchi ikawa kavu na pana. Hapa ndipo misafara ya zamani ilipokuwa ikipita, wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo yao, wakiwalipa watemi wa Ugogo hongo ili waruhusiwe kunywa maji na kupita. Babu yake Petro alimsimulia mambo hayo, naye Petro akanisimulia mimi njia nzima ya Bahi, akiwatukana Wagogo kwa furaha isiyo na kiasi. Nilijua kwamba Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Mimi ukoo wetu ni Wamanyema wa mjini, na utani huo nilikuwa nimeusikia kwenye vijiwe vya kahawa tu. Sikuwa nimeuona ukifanya kazi.

Kintinku tulisimama kuongeza maji kwenye rejeta, maana mbele yetu kulikuwa na mlima wa Saranda. Mama mmoja mnene, aliyekuwa akiuza ubuyu na karanga kando ya barabara, alitupatia dumu la maji. Kisha akamtazama Petro.

"Wewe Mnyamwezi?"

"Huoni sura nzuri?" Petro akajibu.

"Naona kichwa bapa cha kubebea mizigo. Mnapitaje Ugogo bila hongo?"

"Hongo alilipa babu yangu. Akalipa na ya wajukuu."

"Babu yako alipita usiku kama fisi!" Mama akacheka, akaenda nyuma ya lori, akauvuta mnyororo wetu wa kuvutia magari, akautupa begani. Mnyororo mzito ule! "Basi hongo ni hii."

Petro alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Mimi damu ilinipanda. Nikamwambia yule mama kwamba mnyororo ni mali ya kikundi, aurudishe mara moja. Kicheko kikakatika. Mama alimgeukia Petro, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu naye ni nani?"

"Msamehe, Mama Nyemo." Kumbe Petro alikuwa ameshalisikia jina lake kwa wauzaji wa jirani. "Huyu Mmanyema wa mjini. Hana watani njia hii, maskini."

Tukaondoka bila mnyororo. Nilinuna. Nilimwuliza Petro inakuwaje anamwachia mtu asiyemjua chombo tunachokitegemea matopeni, na mvua ziko mlangoni. Akasema mtani akichukua hakasirikiwi, na ukikasirika umeukata utani. Nikamwambia asali haijui utani.

Kabla mlima haujaanza, lori likakohoa mara mbili, likazima. Hewa ilikuwa imeingia kwenye bomba la dizeli. Petro aliitoa, lakini kwa kujaribujaribu kuliwasha tukaimaliza betri. Lori kama lile halisukumwi na watu wawili. Lilitaka kuvutwa, na mnyororo wa kulivutia ulikuwa Kintinku. Upande wa magharibi, tunakokwenda, mawingu yalikuwa yamesimama meusi, na mimi nikaiona asali yetu inachacha mara ya pili. Niliogopa kweli.

"Nenda wewe," Petro akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye uliyenuna."

Nikapanda bodaboda nikarudi. Nilimkuta Mama Nyemo nikiwa bado natafuta maneno. Nilisema shikamoo, akasema marahaba, nikaeleza shida, nikaomba mnyororo. Akachambua karanga weee, kisha akasema, "Mnyororo hautoki hapa bila mwenyewe." Akapaza sauti kwa Kigogo. Akaja kaka yake, Yohana, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, juu ya trekta lililochakaa kuliko lori letu. Mama akaketi juu ya madigadi ya gurudumu, mnyororo mapajani, na mimi upande wa pili.

Njia nzima Yohana aliimba. Tulipofika alilizunguka lori letu taratibu. "Hili liliacha jeshi au lilifukuzwa?" akauliza. Kisha akafunga mnyororo, akavuta, Petro akaingiza gia, na lori likanguruma na kutoa moshi mweusi. Nilipiga kelele kama mtoto.

Nikamwuliza Yohana tumlipe nini. Alinitazama kwa huruma.

"Mtani halipwi," alisema. "Mtani anazikwa."

Petro akasema, "Wewe tutakuzika na hilo kofia lako," wakagongeana mikono, wakapeana namba za simu. Mama Nyemo akaukunja mnyororo, akaondoka nao. Safari hii nikampungia mkono.

Tukapanda Saranda kwa gia ndogo, tukapita Manyoni na Itigi, tukavuka vichaka vile visivyokwisha hadi Nyahua. Tabora mjini tulilala saa chache tu, na kulipokucha tukaelekea Sikonge. Mvua ya kwanza ilitukuta mbugani, tayari tumepakia. Lori lilizama mpaka ekseli. Bila mnyororo tulikata matawi, wanakikundi wote, tukayatandika chini ya magurudumu, na kwenye magurudumu yote sita hakukuwa na hata moja lililotusaliti. Ndoo zote za asali zilifika Sikonge. Mwenyekiti wetu, mzee mkavu wa Kimoraviani, alilipigapiga lori kwenye boneti kama anapongeza ng'ombe.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha, Petro alipigiwa simu kutoka Kintinku. Yohana amefariki. Alilala na homa, hakuamka. Petro aliwaambia wanakikundi kwamba analihitaji lori, na hakuna aliyebisha. Mimi sikungoja kuchaguliwa.

Tulifika na ndoo ya asali, tukakuta watu wengi wamekaa kimya. Trekta lilikuwa limeegeshwa kando ya nyumba. Petro hakwenda kutoa pole. Alikwenda moja kwa moja kwenye trekta, akapanda, akavaa kofia ya sufu aliyoinunua Manyoni, akaanza kuimba wimbo wa Yohana kwa sauti mbaya kabisa.

"Yohana!" akapaza. "Toka humo ndani! Lori limezima tena, nani atatuvuta? Jeneza halipiti hapa mpaka mnyororo wetu urudi!"

Nilitaka kujificha. Kisha nikasikia kicheko kimoja, na kingine. Mama Nyemo alitoka mlangoni, macho yamevimba kwa kilio, anacheka huku machozi yanamtoka upya. Akaingia ndani, akarudi na mnyororo, akautupa miguuni pangu.

"Chukua, Mmanyema. Usije ukaninunia na msibani."

Watu wote wakanitazama. Niliuinua mnyororo. Nilikuwa nimesahau uzito wake. Miezi yote ile nilikuwa nimejiuliza njia ile ya misafara iliacha nini, maana njiani nilitafuta magofu na mawe sikuyaona. Nikaenda nikamrudishia begani pake.

"Siuchukui," nikasema. "Hiyo ni hongo ya wajukuu wangu."

Petro akashuka kwenye trekta, akatangulia kubeba jeneza. Nami nikashika upande wa pili, na tulipomaliza kumzika Yohana tukarudi Tabora bila mnyororo.