Kanzu Sitini na Ubao Wangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya, ingawa siku hizi nacheka kwanza. Nilikuwa kijana kama wewe, nimetoka tu kwenye mafunzo, nikapewa kusimamia karakana ya ushonaji pale mtaa wa Jericho. Mafundi wanane, wote wamenizidi umri. Nikawaletea mtindo huu huu mnaouita ajaili: kazi ikatwe vipande vidogo, na kila asubuhi tusimame mbele ya ubao, kila mmoja, kwa dakika mbili tu, aseme alichofanya, atakachofanya na kinachomkwamisha.

Ubao wangu ulipendeza, usiniulize! Vikaratasi vya rangi vilihama kutoka "Inashonwa" hadi "Imekwisha", nami nikavimba kichwa.

Tulikuwa tukishona kanzu sitini za watoto wa madrasa, za Maulidi. Siku ya tatu Bi Zuhura, fundi mkongwe kuliko wote, akasema, "Shingo hizi naona zimebana. Tupeleke moja, mtoto aijaribu."

Nikamjibu, "Bi Zuhura, dakika zako zimekwisha." Wallahi ndivyo nilivyomwambia mama aliyeanza kushona kabla sijazaliwa. Akarudi kwenye cherehani yake.

Zikiwa zimebaki siku nne kabla ya Maulidi, nikazipeleka zote madrasa. Ustadhi akamvika mtoto wa kwanza. Kichwa kikakwama, mtoto akalia humo humo ndani ya kanzu. Wenzake wakaangua kicheko, hadi wa pili naye alipokwama.

"Madam, na yangu pia haitaingia?" mmoja akaniuliza.

Nikarudisha mzigo mzima. Bi Zuhura akanitazama. "Mwanangu, umetusimamisha kila asubuhi, lakini hujatusikiliza hata siku moja."

Nililia mbele yao wote. Naye akanivutia kiti karibu yake, akaanza kufumua. Nilimpenda tangu siku hiyo. Tukapanua shingo moja, tukampelekea mtoto, ikaingia. Ndipo tukashika nyingine. Hata hivyo, kanzu kumi na moja hazikuwahi. Watoto kumi na mmoja walisoma kasida wakiwa na nguo za shule, na nawajua kwa majina mpaka leo.

Basi kesho ukiwapelekea wenzako ofisini mtindo huo, usiogope, ni mzuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kazi ya vipande hukuonyesha ufa mapema. Lakini ubao hauna masikio, mwanangu. Wewe ndiwe uliye nayo. Mtu akisema amekwama, acha saa iende, msikilize. Kipande kikiisha, mpe atakayekitumia akijaribu kabla hujaanza kingine, na akikwambia hakifai, mshukuru. Aliyekutangulia kazini asikuogope hata chembe.

Nenda, kipenzi changu. Mola akujalie watu wa kukwambia ukweli, na moyo wa kuupokea kabla ufa haujapanuka.