Maji ya Kumbatizia Mdogo Wangu

Nikisikia harufu ya majivu yaliyolowa, namkumbuka mama. Vita vilikuwa vimeunguza kanisa letu karibu na Newala, padri amekimbilia pwani, na mdogo wangu hajabatizwa. Kila Jumamosi mama na mimi tulishuka bondeni kuchota maji, tukapanda nayo hadi kwenye zile kuta nyeusi, naye akajaza birika la ubatizo.

Siku moja askari wa Mdachi akamcheka. “Padri wenu katoroka, mama. Unamchotea nani?”

“Simchotei padri. Mtoto huyu mgongoni ni wa Mungu, na maji yake ni haya.”

Majirani walimsema, kiu ilitushika, hakuacha. Mwaka ulipogeuka padri alirudi, akamkuta kando ya birika, mtoto mgongoni.

“Shikamoo, baba,” mama alisema. “Mbona umechelewa?”