Mikono Isigande

Ukitaka kumuudhi mkalimani huyu, mwambie intaneti ya nyumbani kwake iko sawa. Atakutazama juu mpaka chini, kisha atakuuliza: sawa kwa nani?

Yeye hutafsiri kwa mikono. Mama yake alizaliwa kiziwi, na binti alikuwa na miaka sita alipoanza kumsemea dukani, kliniki na kwa mwenye nyumba. Sasa hospitali humpigia kwa video, naye hukaa chumba cha nyuma, blauzi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, akimgeuzia mgonjwa maneno ya daktari kwa lugha ya alama.

Jumatatu picha iliganda. Wa hospitali aliwaona vizuri kabisa. Iliyoganda ni yake, ile iliyokuwa ikienda kwao. Daktari alieleza upasuaji, mikono ikasema yote, na mgonjwa, mama kijana, akatikisa kichwa kukubali. Baadaye muuguzi akamwambia kuwa kwao alionekana amesimama kama sanamu katikati ya sentensi. Sasa yule mama alikubali nini? Mkalimani alijua jibu, na lilimliza kwa hasira. Mama yake naye alitikisa kichwa mbele ya madaktari maisha yake yote, kwa adabu tu. Mkalimani akaomba kikao kirudiwe kesho yake saa nane mchana, kabla mgonjwa hajatia sahihi.

Fundi wa ukoo ni shemeji yake, mdogo wa mumewe. Wanamwita Mtaalamu, na maskini hajui kuwa ni utani. Akaja, akapima kasi.

"Shem, ona namba hii, inapaa! Tatizo liko hospitali."

"Hiyo ni kasi ya kupokea. Mimi kazi yangu ni kutuma. Ya kutuma ni ngapi?"

"Hiyo... huwa ndogo kidogo."

"Na nani mwingine anatuma humu ndani?"

Mtaalamu akakohoa. Mkalimani akavuta kiti, akafungua ukurasa wa ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, akaingia kwenye ile mipangilio ya ndani ambayo shemeji alikuwa akikataza watu kuigusa. Kumbe kamera zake nne za ulinzi zilikuwa zikirusha picha mchana kutwa. Ya sebuleni ilikuwa na balaa lake: ili aitazame akiwa kazini, Mtaalamu alikuwa ameitoa nje ya ulinzi wa ruta kabisa, na nywila yake ilikuwa ile ile ya kiwandani.

"Kwa hiyo mtu yeyote duniani anaweza kutuchungulia?"

"Si yeyote, Shem, lazima ajue namba ya..."

"Yaani mimi nakaa hapa na gauni la kulalia!" mama mkwe akapaza sauti kutoka kwenye kochi la sebuleni. "Funga hiyo kitu!"

Ikafungwa. Mkalimani akaipa kompyuta yake nafasi ya kwanza katika kutuma, akazibana kamera zilizobaki, kisha akaweka kikomo chini kidogo ya uwezo wa laini, ili ruta ndiyo ipange foleni ya data kabla laini haijajaa huko nje. Hayo hakufundishwa na mtu. Alikisoma kijitabu cha ruta kama alivyokuwa akimsomea mama yake barua za serikali, neno kwa neno, bila kuruka mstari.

Hakuishia hapo. Alimtuma Mtaalamu mwisho wa mtaa na simu, kamera tatu zilizobaki zote zikiwa zinawaka, amtazame kwa video na aandike idadi ya vidole anavyoonyesha. Alionyesha mara hamsini, haraka haraka. Mtaalamu akarudi na karatasi, na hakukuwa na kosa hata moja.

Kesho yake saa nane, daktari alirudia maelezo: watatoa uvimbe, na wakikuta umeshikana na kizazi, watatoa vyote. Safari hii mgonjwa hakutikisa kichwa. Aliinua kiganja kumsimamisha, akauliza, na mkalimani akamtolea sauti:

"Kizazi? Jana nilielewa uvimbe tu."

Daktari akaweka kalamu chini, akaanza upya. Mgonjwa aliuliza maswali kumi na moja, na yote yakafika. Alipomaliza, aliisukuma ile fomu ya kukubali upasuaji mbali naye, akasema jambo moja zaidi kwa mikono miwili. Mkalimani akalitamka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Leo sitii sahihi."