Herufi Mbili za Shangazi

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kesi zilirekodiwa mahakamani, yeye akavaa hedifoni na kuchapa kila neno lililosemwa. Ofisini walimwita Shangazi kwa kuwa aliwazidi wote umri, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kurudishiwa karatasi hata moja.

Chumba chao kilijengwa kwa watu wanne. Walikuwa tisa. Ukitaka kutoka, watatu wasimame kwanza. Mashine ya fotokopi ilikuwa nyuma ya kisogo chake, jenereta chini ya dirisha, na karani wa meza ya pili alizungumza na simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto. Shangazi alijaribu pamba masikioni, akajaribu kujifunga kitambaa juu ya hedifoni, akajaribu kuwahi asubuhi kabla wenzake hawajafika. Jioni alirudi nyumbani kichwa kinavuma. Mumewe akimsemesha, anamwambia, "Niache kwanza, baba. Nusu saa tu, nisisikie mtu."

Aliandika barua tatu kuomba chumba kingine, hata stoo. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Mara ya tatu mkuu wa kitengo alicheka.

"Wenzako wanane wanafanya kazi humo humo, Shangazi. Masikio yako wewe yana cheo gani?"

Ndipo ikaja kesi ya fundi baiskeli aliyeshtakiwa kuvunja duka. Shahidi aliulizwa kama alimwona akiingia. Akajibu, "Hakuingia." Siku hiyo jenereta lilikuwa linanguruma na fotokopi inatoa makabrasha ya mkutano. Shangazi akasikia "akaingia". Akarudisha nyuma mara mbili, akasikia vile vile, akachapa.

Hakimu aliyesikiliza kesi alihamishwa. Aliyekuja kutoa hukumu alisoma karatasi tu. Fundi akafungwa.

Miezi minane ikapita kabla wakili wa rufaa hajaomba kusikiliza rekodi yenyewe. Fundi akaachiwa. Shangazi alipopata habari, aliwahi ofisini peke yake, akaisikiliza. Neno lilitoka wazi kabisa, hata mtoto angelisikia. Akavua hedifoni.

Wiki hiyo mama yake fundi alifika, akasimama mlangoni maana pa kuingia hapakuwapo.

"Aliyechapa ni nani?"

"Ni mimi, dada."

"Ulikosea nini hasa?"

"Herufi mbili."

Yule mama alimtazama, akatazama meza zilizobanana. "Mke wake kaondoka na watoto," akasema. "Kibanda chake kina mtu mwingine. Herufi mbili." Akaenda zake bila kuaga.

Mkuu wa kitengo alimwita kusaini barua ya onyo. Iliandikwa uzembe.

"Niliandika barua tatu, mzee."

"Zimo kwenye faili lako. Ila sikio la kufa halisikii dawa, Shangazi. Kosa ni lako, si la chumba. Usiposaini, jambo hili litakwenda juu, na umebakiza miaka miwili ustaafu."

Alisaini.

Tangu hapo alisikiliza kila rekodi mara nne, na neno lenye shaka mara kumi. Kazi zikarundikana hadi sakafuni. Mwezi haukuisha, akaletewa barua ya pili: anachelewesha haki za watu.