Waliotii Amri

Miaka ile niliyoishi Hopkins, Minnesota, kule Marekani, niliwafahamu askari elfu sita waliokufa kuliko nilivyomfahamu mtu yeyote aliye hai katika jengo letu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nilikuwa nasoma shahada ya pili ya historia ya Kanisa, upande wa Saint Paul, na tasnifu yangu ilihusu kikosi cha Wathebani: askari Wakristo kutoka Misri, Waafrika, waliopelekwa na jeshi la Rumi hadi kwenye milima ya Alpi, huko ambako leo ni Uswisi. Masimulizi yanasema kaisari aliwaamuru wawaue Wakristo wenzao, wakakataa. Akaagiza katika kila kumi auawe mmoja. Waliobaki wakakataa tena. Akarudia, wakakataa, mpaka wakaisha wote pamoja na jemadari wao. Baadaye ikajengwa abasia mahali walipozikwa, na wamonaki wa hapo wakagawanywa makundi ili waimbe zaburi kwa zamu, kundi moja likitoka lingine likiingia, mchana na usiku bila kunyamaza.

Watanzania wenzangu walikuwa wakisoma uhasibu, uuguzi na kompyuta. Mimi nilikuwa nasoma wafiadini. Siku moja tulialikwa Champlin, mji wa jirani, kwenye sherehe ya kipaimara, na mama mmoja mwenye heshima zake akanisikiliza mpaka mwisho, sahani ya pilau mkononi, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, ukimaliza hayo, kazi yake iko wapi?" Nikacheka naye. Nilipopewa lifti ya kurudi nilikaa kiti cha nyuma nikiangalia dirishani ili nisionekane uso. Tangu siku hiyo nikawa nina shughuli kila Jumapili. Walinipigia simu mara tatu, mara nne, kisha wakaniacha na shughuli zangu, na mimi nikawakasirikia kwa kuniacha.

Nilikaa na dada mmoja Mkenya aliyesomea uuguzi. Zamu zake na ratiba yangu havikupatana, kwa hiyo tulikuwa watu wa kupishana mlangoni. Asubuhi nilipanda basi mpaka katikati ya Minneapolis, nikabadili, nikaenda Saint Paul, nikajifungia maktaba mbele ya mashine ya kusomea filamu za miswada ya kale. Kuna siku nilirudi nyumbani jioni nikagundua kuwa neno pekee nililotamka tangu asubuhi ni "asante," nililomwambia dereva.

Sababu ya kuwachagua askari hao ilikuwa baba yangu. Jemadari wao alikuwa somo wake, maana baba alibatizwa kwa jina lake. Kijiji chetu kiko kusini mwa Tanzania, karibu na abasia ya Wabenediktini, karibu kiasi kwamba kengele ya wamonaki ndiyo iliyokuwa saa yetu. Kila Septemba, sikukuu ya somo wake ilipofika, baba alivaa suruali yake ya zamani ya jeshi, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, akaenda Misa ya asubuhi. Alikuwa askari. Alipigana vita vya Kagera, akarudi, akastaafu, akalima mahindi. Tulipokuwa wadogo tulimwuliza vita vilikuwaje. Alisema, "Tulikwenda, tukarudi," kisha akaomba chumvi.

Mimi nilidhani ni unyenyekevu. Nilijiambia kuwa baba yangu ni shujaa asiyependa makuu, na nikavuka bahari kwenda kusoma habari za mashujaa wengine.

Baada ya mama kufariki, baba alibaki peke yake katika ile nyumba, na mimi nikawa nampigia kila sikukuu ya somo wake. Siku hizo tulitumia kadi za simu. Unakwangua namba, unapiga, mwanamke wa kwenye mashine anakuambia una dakika kadhaa. Dakika hizo kwa watu wengine zingetosha kuuza nyumba. Kwetu sisi zilitosha kusalimiana. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, hujambo? Umeamkaje? Habari za huko? Habari za masomo? Za baridi? Huyo dada unayekaa naye hajambo? Wazazi wake? Nikimaliza kujibu, zamu yangu: afya yako, mguu wako, mahindi, mbuzi, jirani wa juu, jirani wa chini, katekista, mke wa katekista. Huwezi kumruka mtu, maana baba atakuuliza baadaye, "Mbona mke wa katekista hukumwulizia?" Hivyo miaka miwili yote nilikuwa nampigia baba yangu simu, na tulikuwa hatujaongea.

Mwaka ule wa tatu niliamua kumpa zawadi. Nitamsimulia habari za somo wake, zote, jinsi nilivyozikuta katika vitabu, kwani yeye alijua tu kwamba alikuwa askari mtakatifu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kwao jioni. Mkenya wangu alikuwa jikoni anakaanga mayai, na mimi niliweka simu mezani, spika wazi, ili mikono ishike karatasi zangu. Tukasalimiana. Nilijitahidi kukata, nikamwunganisha katekista na mkewe katika swali moja, lakini bado tulikula zaidi ya nusu ya kadi.

Nikamsimulia. Nilisimulia haraka, lakini nilisimulia vizuri: amri, kukataa, kila kumi mmoja, abasia, zaburi zisizokatika. Upande wa pili kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Baba?"

"Nipo, mwanangu. Na wale waliotii?"

"Wepi, baba?"

"Waliopewa amri ya kuwaua hao. Nao walikuwa askari. Mtu alishika upanga akakata. Huko abasia, kuna aliyewaimbia hao?"

Yule mwanamke wa mashine akaingia katikati, akatangaza dakika moja. Nikajibu kama niko mbele ya maprofesa. "Hapana, baba. Hao historia haikuwahifadhi. Hakuna anayewakumbuka."

Akasema, "Haya, mwanangu. Asante kwa kunisomea." Simu ikakatika.

Nilianza kukusanya karatasi zangu, nimeridhika. Nilijiona nimejibu kwa usahihi. Yule dada alizima jiko, akageuka na mwiko mkononi.

"Wee, mbona umemjibu mzee hivyo?"

"Hivyo vipi? Ndiyo ukweli."

"Ukweli wa nani? Si uliniambia alikuwa army? Kwani unadhani huyo mzee alikuwa ana-worry juu ya Waroma?"

Nilimwambia hajui lolote kuhusu mada yangu. Alisema, "Sawa, madam," akachukua mayai yake akaenda kula chumbani. Mimi nilibaki pale mezani. Nilihisi ile aibu ya mtu mzima ambayo haina pa kujificha. Ukiacha salamu, baba yangu alikuwa ameniuliza swali moja tu tangu nizaliwe, na mimi nikamjibu kwamba hakuna anayemkumbuka.

Kadi nyingine ningeweza kuipata dukani, lakini ningemwambia nini? Kwamba nilikosea? Sikuwa nimekosea. Hicho ndicho kilichoniumiza. Jumatatu nilikwenda maktaba nikapitia madaftari yangu yote, siyo kwa ajili ya tasnifu, bali nikitafuta mtu mmoja, mmoja tu, aliyeua na akaimbiwa. Nilimkuta mchana, katika daftari la kwanza kabisa, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Alikuwa mfalme wa Waburgundi, kabila la kale la Ulaya, ndiye aliyeijenga ile abasia. Mfalme huyo alisikiliza uchongezi wa mke wake wa pili, akaamuru mwanawe wa kumzaa anyongwe usingizini. Alipotambua alichofanya alikwenda palepale kwa wale askari wafiadini, akafunga na kulia siku nyingi, na mwandishi mmoja wa zamani anasema ndiye aliyeweka zile zaburi za kupokezana; alipokufa akazikwa humo humo, akaimbiwa pamoja nao. Pembeni nilikuwa nimeandika, kwa kalamu nyekundu: haihusiani.

Jumanne asubuhi sikusubiri kwenda chuo. Nilipiga nikiwa nimesimama, nimevaa koti na kiatu kimoja. Baba alipopokea tu, nikasema, "Baba, yuko aliyeimbiwa."

"Nani amekufa?" Sauti yake ilikuwa imepanda.

"Hakuna, baba."

"Niambie tu. Nimeshakaa chini. Nani?"

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba kwetu mtu anayepiga simu bila salamu analeta msiba. Nilimwapia kuwa hakuna aliyekufa, nikamwomba anisamehe, nikasema salamu nitazitoa zote Jumapili, moja moja, lakini leo anisikilize. Nikamweleza habari za mfalme. Safari hii nilisimulia polepole. Alinikatiza mara mbili tu.

"Mwanawe wa kumzaa?"

"Wa kumzaa, baba."

Na mara ya pili, "Na wamonaki wakamwacha aingie?"

"Wakamwacha. Alilia humo humo."

Nilisikia anapumua. Nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia, na mtu akamsalimia kwa mbali, naye hakuitikia. Kwa baba yangu, kutoitikia salamu ni jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Wangu alikuwa na rozari shingoni," alisema. "Nilipofika karibu ndipo nikaiona. Kabla ya hapo alikuwa adui tu, amejificha kwenye migomba. Amri ilikuwa songeni mbele, nasi tukasonga mbele. Rozari ya mbao, mwanangu, kama hizi zetu."

Nilikaa sakafuni, na kiatu changu kimoja.

"Nataka kumtolea nia ya Misa, aombewe. Miaka yote hii nataka. Kengele hii hapa naisikia, ukifika pale ofisini wanakuuliza, marehemu ni nani? Jina lake silijui. Na wakiniuliza ni nani kwako, nitasema nani?" Akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayeomba kitu kwa mtu asiyemzoea, "Huko uliko hawatufahamu. Wewe nisaidie huko."

Nikamwambia, "Ndiyo, baba." Tukakaa kimya pamoja mpaka kadi ikaisha. Zilikuwa dakika nyingi tu, na sijapata kuongea na baba yangu kiasi hicho.

Kulikuwa na kanisa jirani na chuo, Saint Paul, lenye Misa ya mchana siku za kazi. Nilikuwa nalipita kila siku bila kuingia. Nilikwenda siku ileile. Ndani walikuwamo wazee saba, wamekaa mbalimbali, kila mmoja na benchi lake, makoti hawajavua. Nilichagua benchi la kwangu nyuma yao wote. Nikatambua kwamba walikuwa wapweke kama mimi, na wala haikunifariji. Padre alisoma haraka, kama mtu aliyezoea kusalisha watu wachache. Ilipofika sala ya waamini, alisoma zile za kwenye kitabu, kisha akainua macho akasema kama kuna mwenye nia yake aitamke.

Mzee mmoja aliombea goti la mke wake. Wakaitikia. Bibi mmoja akamwombea mjukuu anayetafuta kazi Eden Prairie. Wakaitikia. Padre alikuwa anataka kufunga kitabu nilipojikuta nimesimama. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa Kiingereza ndani ya basi, sentensi safi mbili, na zote zilinitoka kichwani. Kilichokuja ni Kiswahili.

"Kwa ajili ya askari aliyevaa rozari, aliyeuawa kwenye migomba, ambaye jina lake hatulijui," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, maana sikuwa nimeitumia siku nyingi mbele za watu. "Na kwa ajili ya baba yangu, aliyemuua."

Padre alinitazama. Alingoja kidogo, akidhani labda nitatafsiri. Nilipokaa, aliinamisha kichwa, akasema tuombe. Wazee saba, ambao hawakuelewa hata neno moja, wakamwomba Bwana asikie. Mimi peke yangu nilishindwa kuitikia.