Cheti cha Kusuka Vikapu

Mmenisumbua niandike, na mkono huu umezoea jembe. Haya!

Msimu wa mavuno, meneja wa shamba aliwafungulia wageni darasa la kusuka vikapu. Bibi mkamuaji wa ng'ombe, aliyesuka kila kikapu cha mayai pale, akaomba afundishe.

"Bibi, huna cheti. Kaa nyuma ujifunze."

Akakaa, kanuna. Mwalimu wa mjini akagawa ukindu mkavu, ati maji yatachafua meza.

"Mwanangu, utakatika huo."

"Bibi, tusikilizane!"

Ukakatika pa, pa, pa, wageni wote wakabaki na vipande. Meneja akaja mbio.

"Bibi, tufundishe wewe."

"Sina cheti, baba."

Alimwacha ambembeleze mara tatu, ndipo akavuta ndoo ya maji.

Nawe unayecheka, bibi huyo ni mimi; kaloweshe ukindu. Darasa langu ni kesho asubuhi.